Mbabula za Mama Constance

Siku Rigobert Numbi alipomwona Mama Constance kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa akisukuma mwenyewe mkokoteni uliojaa mbabula mbovu. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, mvua zilikuwa hazijaisha, na barabara ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mbele ya karakana ya Numbi ilikuwa tope tupu. Gurudumu likazama kwenye mfereji. Vijana wawili walimpita mama bila kugeuka. Numbi aliweka nyundo chini, akaenda akainua upande mmoja, mama akasukuma, mkokoteni ukatoka. Numbi akarudi kwenye kigoda chake, akaishika tena nyundo, kama mtu aliyekuwa ameondoka kufukuza kuku.

Mama alimfuata, akihema, kikwembe alichojifunga kimelowa mpaka magotini.

"Yambo, fundi."

"Yambo, mama."

"Hizi mbabula ziko kumi na ine. Zote zinaoza ku chini. Unaweza kuzitengeneza?"

Numbi aliziangalia. Mbabula ni jiko la makala la bati: juu bakuli lenye matundu, chini sanduku la majivu lenye kimlango, na miguu mitatu. Alikuwa ametengeneza mbabula kwa miaka ishirini na mitano, na baadhi ya zile mkokotenini aliwahi kuzitengeneza yeye. Aliijua mikono yake kwa jinsi alivyopiga ribiti za kushikanisha bati.

"Za nani?" aliuliza.

"Zilikuwa za bantu ba hapa, banazitupa nyuma ya nyumba. Nilipita parcelle kwa parcelle nikiomba. Mama mumoja ananiuliza: 'Constance, unga ilikuchokesha, sasa unauzisha takataka?' Sasa ni za bale bakimbizi ba treni. Na feza sina, fundi. Minakuambia mbele, juu kesho usiseme nilikudanganya."

Numbi aligeuza ile ya juu, akagonga sakafu yake kwa kidole. Kidole kikatoboa.

"Acha," alisema.

"Niache namna gani? Niache mbabula ao niache kukusumbua?"

"Mbabula."

Mama akacheka, mikono kiunoni. "We papa, maneno unazinunua ku duka? Unazichunga sana!"

Numbi alianza kuzishusha mbabula. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Baba yake alikuja kutoka Kabalo kufanya kazi ya reli, akazaa watoto tisa, na Numbi ndiye aliyemaliza darasa la sita akaambiwa basi, sasa ni zamu ya wadogo. Alijifunza bati kwa mjomba wake. Kazi hiyo ilimfaa, kwa sababu mtu anayepiga nyundo haombwi kuzungumza. Mkewe, Gracia, ndiye aliyekuwa akizungumza na wateja. Gracia alipofariki, miaka minne kabla ya Jumanne ile, Numbi alilia siku mbili, kisha kitu ndani yake kikanyamaza, kama redio iliyoishiwa betri. Alikula, alilala, alipiga bati. Watu walisema amejikaza vizuri.

Mama Constance Chisanga alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Sakania, mpakani, katika familia ya wakulima walioishi pale kabla ya reli kufika. Mume wake alikuwa fundi wa injini za treni. Akamleta Lubumbashi, akamjengea nyumba ya vyumba vitatu Katuba, akafa. Mama akabaki akiuza unga wa mahindi sokoni. Watoto wake wawili walikuwa wakubwa, mmoja Kolwezi, mmoja amerudi kuolewa Sakania. Sokoni alijulikana kwa sauti. Akikuita kutoka upande wa pili wa soko, huwezi kujifanya hukusikia.

Habari ya wakimbizi ilianzia stesheni. Mama alikwenda kuulizia magunia yake, akawakuta watu wameketi juu ya mabunda, karibu na mabehewa ya mizigo. Walikuwa wametoka upande wa ziwa, wengine Uvira, wengine vijiji vya karibu na hapo, wamekimbia vita, wakavuka maji mpaka Kalemie, wakapanda treni juu ya mizigo. Walikuwa na siku tatu pale. Aliwauliza wanangoja nani. Mwanamke mmoja aliyeitwa Joëlle, mwenye mama mzee na mtoto wa kike, alimjibu kwamba hawangoji mtu, isipokuwa hawajui waende wapi. Mama Constance alirudi nyumbani na watu hao watatu badala ya magunia. Kesho yake alirudi stesheni. Mwezi ulipokwisha, shirika lake, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa wao, lilikuwa limepokea familia kumi na moja, na kila nyumba ilikuwa ikilalamika na kupokea, kupokea na kulalamika.

Lakini kulala si kuishi. Hilo ndilo lililomfanya atafute mbabula.

Katuba watu hawahesabu nyumba kwa milango. Wanahesabu kwa mbabula. Katika parcelle moja, kiwanja kimoja chenye geti moja la barabarani, wanaweza kuishi watu ishirini. Ukitaka kujua ni familia ngapi, unapita asubuhi na kuangalia mbabula ngapi zinapulizwa nje. Wanawake wawili wakipikia moto mmoja, hiyo ni nyumba moja. Wakigombana, mmoja anakwenda kununua mbabula yake, na parcelle nzima inajua kwamba sasa nyumba ni mbili.

"Mukimbizi akipikia ku mbabula ya muntu," Mama Constance alimwambia Numbi siku alipokuja kuchukua zile kumi na nne, "atabakia mugeni ata myaka kumi. Mupe yake, utaona. Ataanza kugombana na bajirani kama muntu."

Numbi alikuwa amezikata sakafu zote mpya. Mama aliinua moja, akachungulia matundu.

"Sasa zinanipungukia ngapi?" alijiuliza. "Jana bengine balifika."

Numbi alionyesha kona. Kulikuwa na nyingine sita, mpya, alizozitengeneza bila kuombwa. Hakujua kwa nini. Jioni zilikuwa ndefu, na bati lilikuwepo.

Mama aliziangalia, kisha akamwangalia yeye.

"Papa Numbi," alisema, "Jumapili kuko mukutano kwangu. Hautasema kitu. Utaikala tu."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Jumapili ile walianzisha chama rasmi. Paulin, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, ndiye aliyeandika sheria za chama kwa Kifaransa, kurasa tisa. Alieleza kwamba wale si wakimbizi, ni déplacés, kwa sababu hawakuvuka mpaka wa nchi.

"Banakimbia ao hapana?" aliuliza Mama Constance.

"Walikimbia, mama, lakini kisheria..."

"Kama banakimbia ni bakimbizi. Andika."

Paulin aliandika déplacés. Chama kiliitwa Tupokelane. Zilihitajika saini za waanzilishi. Karatasi ilipofika kwa Numbi, alisaini polepole, herufi kubwa, kama alivyofundishwa darasani, na watu walimngoja. Alihisi masikio yake yanawaka. Baada ya hapo kila Jumapili alikaa mwishoni mwa benchi, karibu na mlango, na kila wiki alileta mbabula.

Katikati ya mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, walifanya sherehe ya kugawa. Walikuwa wamefikia familia thelathini na nane. Padre aliwapa uwanja wa katekisimu, viti vikapangwa, mbabula zikawekwa safu mbele, kila moja na mfuko wa makala na blanketi juu yake. Paulin alihutubia mpaka watoto wakaanza kusinzia. Kisha Mama Constance akasimama, akasema kwa sauti yake ya soko:

"Sasa fundi. Fundi njo mwenye mbabula. Papa Numbi, simama, baambie neno ya mbabula."

Hakuwa amemwonya. Hata hivyo Numbi alikuwa na neno. Alikuwa nalo tangu asubuhi, alipokuwa akizipanga zile mbabula na kuhisi upepo wa kwanza mkavu, ule unaokuja kabla ya baridi. Lilikuwa neno fupi: mbabula inawashwa nje, ikiingizwa ndani kuwapa joto, mlango ubaki wazi, na kabla ya kulala, itoke. Ni neno ambalo kila mtoto wa Lubumbashi analijua. Halifundishwi. Mtoto anakua akipigiwa kelele, wewe, toa mbabula, unataka kutuua, na siku moja anajikuta ni yeye anayepiga kelele. Lakini watu wale walitoka upande wa ziwa, na kule usiku mtu analala bila blanketi.

Alisimama. Aliona nyuso, zaidi ya mia, na viti vya plastiki, na padre ameegemeza kidevu mkononi. Alifungua kinywa.

"Ni mbabula," alisema.

Wakangoja. Hakuna kingine kilichotoka. Aliketi. Mtu mmoja akacheka, kicheko kizuri tu, na uwanja mzima ukacheka na kupiga makofi.

"Munasikia?" alisema Mama Constance, naye akicheka. "Fundi anamaliza yote! Ni mbabula!"

Numbi alitazama viatu vyake. Alijiambia kwamba mtu mwingine atawaambia. Wamekaa katika parcelle za watu, na wenyeji wapo. Nani asiyejua jambo lile?

Baridi iliingia mwezi wa sita. Mwaka ule ilikuwa kali. Asubuhi maji ya ndoo yaliuma mikono. Joëlle alikuwa ameshatoka kwa Mama Constance na kuhamia na mama yake na mtoto wake, Tracy, katika chumba kimoja kisichokamilika, mtaa wa nyuma. Dirisha lilikuwa tundu tu. Alikuja karakanani, amejifunga blanketi.

"Papa, mama yangu anatetemeka mpaka meno inalia. Hauna kipande ya bati ya kuziba dirisha?"

Numbi alikwenda siku hiyohiyo. Alipima, akakata, akapigilia bati juu ya tundu. Alifanya kazi safi, kama anavyofanya kazi zote. Aliziba hata nyufa za pembeni kwa vitambaa vya nailoni, asiache mahali pa kupitisha wembe. Mama mzee alikaa juu ya godoro akimbariki kwa lugha ya kwao na kumsimulia habari za ziwa, samaki wa kule, joto la kule, jua linavyotua majini. Mtoto alimkabidhi misumari mmoja mmoja. Mbabula yao, mojawapo ya zile sita za mwanzo, ilikuwa karibu na mlango, upande wa ndani, ina majivu.

Numbi aliiona. Neno likarudi kinywani. Lakini bibi alikuwa akizungumza, na kumkatiza mzee si adabu, basi akangoja amalize. Bibi hakumaliza. Kutoka samaki alihamia kwa marehemu mume wake. Numbi alisimama na nyundo mkononi, akingoja, kisha Joëlle akaingia na bakuli la karanga, wakashukuru wote kwa pamoja, na yeye akaitikia, akatoka. Barabarani alifikiri kurudi. Aliona haya kubisha mlango kwa sentensi moja.

Siku ya nne baadaye, saa moja asubuhi, Mama Constance alikuja karakanani bila mkokoteni. Hakusalimu.

"Numbi," alisema, "vaa viatu."

Mtaani watu walikuwa wamejaa tayari. Joëlle alikuwa amekwenda kwenye kilio cha mkimbizi mwenzake, commune nyingine ya mji, na kukesha huko na wafiwa. Aliporudi alisukuma mlango, ukagoma kidogo, kwa sababu walikuwa wameweka nguo chini yake kuzuia upepo. Sasa alikuwa ameketi chini, nje, amenyoosha miguu, haongei wala halii. Wanaume wawili walikuwa wametoa godoro. Bibi na mtoto walikuwa wamelala juu yake kama waliosinzia, mtoto kichwa begani kwa bibi. Ndani, katikati ya chumba, palikuwa na mbabula. Majivu yalikuwa meupe, laini, bila kipande cha makala kilichosalia. Numbi aliziona ribiti zake. Aliona bati lake dirishani, limekaa sawasawa.

Hakuhisi kitu. Alingoja ahisi, hakikuja. Aliona kwamba kuna tundu moja la mbabula alilitoboa vibaya, limechanika pembeni, na alifikiri juu ya tundu hilo kwa muda mrefu.

"Ni makala," walisema majirani, na hakuna aliyebisha. "Balifunga. Banaingiza mbabula mu nyumba, banafunga." "Haba bantu habajue baridi." "Na nani alibaambia?" "Sasa kitu kama ile unaambia muntu?"

Mchana maneno yalikuwa mengine. Tupokelane inakula watu. Mama Constance anawatoa wakimbizi kafara ili apate gari. Jioni mkubwa wa mtaa aliwaita ofisini kwake, chumba chenye meza moja na picha nyingi. Paulin hakuja, alituma barua kwamba anajiondoa kwa sababu za kiafya. Numbi alisimama nyuma ya Mama Constance.

"Ile mbabula ilitoka wapi?" aliuliza mkubwa wa mtaa.

"Mi njo nilibapa," alisema Mama Constance.

"Na dirisha, nani alifunga dirisha?"

"Chama. Ni chama yangu. Uko na neno, sema na mi."

Mkubwa wa mtaa alimtazama Numbi juu ya bega la mama. Numbi alifungua kinywa, kikafungika chenyewe. Mkubwa aliandika, akasema chama kisigawe kitu tena mpaka atakapoamua.

Walizika kesho yake. Turubai lilifungwa kwenye parcelle ya Mama Constance, na wanawake wa mtaa walipika bukari, ugali wa mahindi, kwa ajili ya wafiwa, nje, kwenye mbabula nane zilizopangwa ukutani. Numbi alikula alichopewa. Siku ya tatu ya kilio alirudi karakanani, akatengeneza mbabula nne kabla ya saa sita, kisha akazikanyaga moja baada ya nyingine mpaka zikalala bapa. Hakuwa na hasira. Alifanya hivyo kama mtu anayefunga duka.

Jioni alikwenda kwa Mama Constance. Turubai lilikuwa limeshatolewa. Mama alikuwa ameketi jikoni akichekecha unga, nusu ya uso mweupe. Numbi alisimama mlangoni.

"Ingia. Unaniletea baridi."

Aliingia, hakukaa.

"Nilikuwa na lile neno," alisema.

"Neno gani?"

"Ya mbabula. Siku ya sherehe nilikuwa nayo. Na siku ya dirisha nilikuwa nayo. Mbabula ilikuwa mu nyumba, niliiona. Bibi alikuwa anasema, nikangoja amalize. Ukiwasha mbabula, washia inje. Ukiingiza, acha mulango wazi. Mbele ya kulala, itoe. Njo yote. Ni neno ya kusema mara moja. Mara mbili sikuisema."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu Gracia azikwe. Chekecheo lilisimama. Mama Constance alimtazama, na Numbi akangoja atukanwe. Alitaka kutukanwa.

"Na mi nilijua," alisema mama mwishowe. "Nilizaliwa mu hii baridi. Nilibapa makala na mikono yangu, na blanketi juu. Paulin alijua. Padre alijua. Kurasa tisa za Kifaransa, hakuna mustari moja ya ile. Tulijua bote, njo maana hakuna muntu alisema." Alirudia kuchekecha, mara mbili, tatu. "Unataka nikulilie, Numbi? Machozi yangu ilienda yote kwa Joëlle."

"Hapana."

"Basi sikia. Baridi bado mwezi moja na nusu. Mbabula makumi tatu na saba ziko mu manyumba. Mi niko na sauti, lakini sasa banasema ninakula bantu, nikibisha, banafunga. Wewe haukosani na muntu. Utaenda."

"Sijue kusema, mama."

"Unajua. Umesema sasa hivi, ata kuku yangu ilisikia."

"Ilikuwa kwako."

"Basi kila nyumba, fanya kama ni kwangu. Na utaanza na Joëlle."

Joëlle alikuwa chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo. Numbi alivuka ua. Joëlle alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya mapaja. Alisikiliza bila kumtazama, yote, sherehe na dirisha na neno, na Numbi alilisema neno lenyewe mpaka mwisho, polepole, kana kwamba bado lingeweza kusaidia.

"Mama yangu alipenda kusema," alisema Joëlle.

"Ndiyo."

"Ungemukatisha tu."

"Ndiyo."

Nje mtu alikuwa akiita mbuzi. Joëlle alikunja pembe ya blanketi, akaikunjua.

"Toa ile bati mu dirisha," alisema. "Sitaki bengine baipange ile nyumba na ile bati."

Numbi alikwenda na koleo akang'oa misumari kumi na miwili. Upepo ukaingia. Hakuhisi kitu hapo pia, isipokuwa baridi ya bati vidoleni.

Kuanzia kesho yake alizunguka. Nyumba ya kwanza alisimama getini mpaka mbwa akachoka kubweka. Ya pili alisema nusu. Ya tano mwanamume wa Uvira alimsikiliza, kisha akamwuliza kama anataka kuichukua tena ile mbabula. Ya tisa mwanamke alikuwa nayo ndani, inawaka, mlango umefungwa, mtoto mchanga mgongoni. Numbi hakungoja amalize salamu, aliinyanyua kwa mikono mitupu, akaitoa nje, na malengelenge yakamkaa wiki mbili. Alimaliza thelathini na saba kwa siku sita, kisha akaanza upya. Mwezi wa saba alikwenda hata kwa wenyeji. Watoto wa Katuba wakapata mchezo, wakimwona anakunja kona walipiga kelele kutoka juu ya ukuta: "Papa, itoe! Papa, itoe!" Wanawake kisimani walisema fundi sasa ana maneno, ila ni yaleyale. Hakukasirika. Wakipiga kelele hivyo, na mama zao wanasikia.

Hakuna mwingine aliyekufa msimu ule. Mkubwa wa mtaa, ambaye hakuamua kitu, aliacha jambo lilale, na Tupokelane ikaendelea bila Paulin, bila hotuba. Treni zilileta watu, Mama Constance aliwapata, Numbi alitengeneza mbabula. Lakini hazikutoka tena kwa mkokoteni. Kila moja aliibeba mwenyewe mpaka mlangoni, akaiweka nje, akabisha, akasema neno, akamfanya mwenye nyumba alirudie. Joëlle alianza kufuatana naye mwezi wa kumi na moja. Hakuelezwa, hakuomba. Numbi aliposema, yeye alisimama kando na kutazama kama madirisha yanafunguka.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza tena, miguu ya Mama Constance ilivimba. Daktari alisema moyo. Aliendelea kwenda sokoni na kukaa juu ya gunia, akiuza kwa kuita tu. Alipoanza kushindwa kuita, binti yake alikuja kutoka Sakania kumchukua. Alifariki kule mwezi wa tisa, kwa ndugu zake. Habari ilifika kwa simu, Numbi akiwa anakata bati. Alimaliza kukata, akakaa, akasubiri, na kile kilichonyamaza ndani yake hakikusema kitu. Alikwenda kumwambia Joëlle. Joëlle alifunga kikwembe kichwani, wakachukua ile mbabula iliyokuwa tayari, wakaipeleka ilipokuwa inakwenda.

Siku ambayo Numbi alimwona Mama Constance mara ya mwisho ilikuwa ile ya safari, asubuhi, mbele ya geti. Gari la kwenda Sakania lilikuwa limewashwa, binti anapanga mifuko, na mama ameshaketi mbele, miguu juu ya gunia, shuka mabegani. Watu wa shirika waliimba kidogo, wakaacha. Numbi alingoja wote wamalize kuaga. Alikuwa na neno la shukrani. Alilitayarisha usiku kucha, na safari hii alikuwa na hakika litatoka. Akasogea dirishani.

"Mama," alianza, "mi minataka..."

"Bale ba ku njia ya Kasapa," alisema Mama Constance kwa pumzi fupi, "balifika jana magaribi, familia tatu, mu ile hangari ya zamani. Muntu aliisha kubaambia ile neno?"

"Bado."

"Sasa unasimama hapa unafanya nini?"